Kikombe Kinachonuka Dagaa

Ninyi mabinti mnaoanza kazi ya kulea watoto wa watu, na nasikia siku hizi hata vijana wa kiume wamo, karibuni sana. Nianze kwa kuwavunja moyo kidogo. Mtoto wa miaka miwili ana akili kuwashinda, ana muda kuwashinda, na hana aibu hata chembe. Mkishindana naye kwa nguvu mtaaibika nyinyi, tena mbele ya wazazi.

Mimi nimefanya kazi hii miaka ishirini na sita, katika kituo cha kulelea watoto wadogo pale Igogo, kwenye nyumba iliyobanwa na mawe mawili makubwa upande wa juu wa barabara. Nilistaafu mwaka juzi kwa sababu ya magoti. Magoti ya mlezi hustaafu kwanza, mwenyewe anafuata.

Jina langu halisi wazazi wachache walilijua. Waliniita Mama Sabuni, na sikukasirika, maana nililifanyia kazi jina hilo. Nilichemsha vijiko, nilichemsha sahani, siku moja nilichemsha mwanasesere wa mpira akatoka sufuriani hana uso. Mimi ni mtu wa Ukerewe, nimelelewa na bibi aliyesugua masufuria kwa mchanga wa ziwani mpaka unajiona meno. Usafi kwangu ulikuwa dini ya pili. Nawaambia haya mapema kwa sababu ndiyo yaliyoniponza.

Habari ninayotaka kuwapa ni ya kumtoa mtoto kwenye chupa ya kunyonyea na kumpeleka kwenye kikombe. Mnacheka. Mnaona ni jambo dogo. Hamjakutana na Kabula.

Kabula alifika kituoni kwetu akiwa na miaka miwili na miezi miwili. Kila asubuhi alikuja mgongoni kwa mama yake, chupa iko mdomoni kama kiko cha mzee, na aliweza kuongea, kucheka na kugombana bila kuitoa. Humo ndani mama yake alitia maziwa, au uji mwepesi, au chai ya maziwa. Kabula hakujali kilichomo. Alichotaka ni chupa yenyewe, aliyoiita nyonyo, na akishashiba nyonyo chakula hakipiti. Meno ya mbele yalikuwa yameanza kuwa meusi. Kliniki walimpima wakasema uzito umesimama na damu ni kidogo, chupa iachwe, mtoto ale.

Mama yake alikuwa akiuza dagaa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Mwanamke mchangamfu, wa maneno mengi, akifika getini kituo kizima kinajua bei ya dagaa na nani kagombana na nani. Jumatatu moja akaja kimya. Akasimama mlangoni anakunja pembe ya kitenge.

"Shikamoo, Mama Sabuni."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umepooza hivyo?"

"Mama mkwe kapiga simu kutoka Magu. Anasema mtoto aliyeshindwa kuacha chupa apelekwe kwake akaachishwe huko. Jumamosi ya mwisho wa mwezi anakuja kumchukua. Na baba yake naye anasema, mama akishasema basi."

Kwa wengi wetu wa kanda hii hilo si jambo la ajabu. Mtoto akifika wakati wa kuachishwa, anapelekwa kwa bibi akae mbali na mama yake mpaka asahau kunyonya. Mimi mwenyewe niliachishwa hivyo na sikufa. Nikataka kumwambia asiwe na wasiwasi, lakini akaendelea.

"Minza wangu, wa kwanza, alikwenda hivyohivyo. Tulisema miezi miwili. Mara biashara, mara nauli, mara kaanza shule hukohuko. Sasa ana miaka saba. Nikienda Magu ananiletea kigoda, ananiamkia, ananikaribisha maji ya kunywa kama mgeni. Mama Sabuni, ananiita Mama Kabula. Mimi niliyemzaa!" Akafuta pua kwa kile kitenge. "Sitaki na huyu aje anikaribishe maji."

Nami, kwa kiburi changu chote cha miaka ile, nikamshika bega nikamwambia, "Niachie mimi. Wiki mbili tu."

Ngojeni kwanza niwaeleze kiburi hicho nilikitoa wapi.

Nilipoanza kazi sikujua kitu. Nilikuwa namkalisha mtoto, namshika kidevu, nammiminia uji mdomoni kama mtu anayejaza mafuta kwenye taa. Mkuu wa kituo, Mama Veneranda, Mhaya mmoja mrefu asiyependa kelele, alinitazama siku mbili. Siku ya tatu akaniita jikoni, akanikalisha kwenye kiti, akanifunga mikono nyuma kwa kitenge, akachukua kikombe cha chai akaninywesha kwa mtindo wangu mwenyewe. Chai iliingia puani, ikashuka kifuani, nyingine sijui ilikwenda wapi. Nikakohoa mpaka machozi.

"Sasa umejua," akasema, akanifungua. Hilo ndilo lililokuwa somo zima.

Baada ya hapo ndipo akaanza kunionyesha. Kikombe kiwe kidogo, kile cha kahawa ndicho kinachoenea mikono ya mtoto. Usijaze, theluthi inatosha, ukijaza unajitafutia kudeki. Uji uwe mzito kiasi ili usimkimbilie kooni. Mtoto akae wima, wewe uchuchumae usawa wa macho yake, na hapo ndipo magoti yangu yalipoishia. Gusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini halafu subiri. Yeye ndiye avute, usimmiminie. Akigeuza uso, ameshiba au amechoka, muache. Na akifanikiwa, jamani, msipige makofi. Mkipiga makofi atawageukia acheke, na uji wote utakuwa kwenye mapaja yenu.

Chupa nayo haiondolewi yote kwa mkupuo. Unaanza na ile ya saa nne asubuhi, maana saa hiyo ana michezo mingi hataikumbuka sana. Halafu ya alasiri. Ya kulalia unaiacha mwisho, kwa kuwa hiyo ndiyo rafiki yake.

Zamani tulitumia vikombe vya bati vyenye ua ubavuni. Vikaja vya plastiki, vikaja vyenye mfuniko na mdomo kama wa bata. Wazazi wanavipenda hivyo kwa sababu havimwagi. Mimi niliwaambia wazazi kwamba ile ni chupa iliyovaa kofia, mtoto bado ananyonya tu. Mama mmoja kijana wa Buhongwa aliniletea cha gharama, kina mrija, kina vizuizi vya ndani, kina karatasi ya maelezo kurasa nne. Mwanawe alikifungua chote kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza. Kimpira kimoja hakikuonekana. Tulikipata zahanati, ndani ya pua yake.

Na msiwaamini watoto wanaofaulu upesi. Tulikuwa na mapacha, Kulwa na Doto. Doto alirudisha kikombe kitupu kila siku, hajamwaga hata tone, tukamsifia wiki nzima, mama yake akaja na zawadi ya ndizi. Kumbe Kulwa alikuwa anamnywea. Mwenyewe Doto alikuwa anakaa tu akipokea sifa, na uzito wa Kulwa ukawa wa kutisha.

Kwa hiyo Kabula aliponijia nilikuwa na miaka zaidi ya ishirini kazini na nilidhani nimeona kila kitu. Nikanunua kikombe kipya kidogo cha buluu. Nikakichemsha. Nikakisugua kwa limau, nikakisuuza, nikakisugua tena, kikang'aa. Nikatia uji wa ulezi wenye maziwa, nikachuchumaa mbele yake, nikagusisha ukingo mdomoni, nikasubiri.

Kabula akatoa chupa kwa adabu. Akakinusa kikombe changu. Akanitazama usoni kama mtu aliyeuziwa samaki wa juzi, akakiweka chini taratibu, akarudisha nyonyo mdomoni akaenda zake.

Nikabadili. Nikaleta cha njano, kipya, kimechemshwa. Akakivaa kichwani. Nikaleta cha chuma, kimechemshwa, akapata ngoma. Nikaleta bakuli dogo, akamnyweshea kuku wa jirani, na kuku, tofauti na Kabula, alikunywa vizuri. Kila jioni mama yake aliuliza, "Vipi leo?" na kila jioni nilijibu, "Anaelekea." Alikuwa anaelekea kwa kuku.

Wiki ya pili nikafanya kosa ambalo mpaka leo linanitia haya. Nikamdanganya.

Mnajua mwewe wa huku kwetu. Wanazunguka juu ya mwalo kutwa nzima, wanashuka kupokonya samaki mkononi mwa mtu mzima anayejiheshimu. Basi Kabula alipokuwa anaoga nikaificha chupa kwenye mkoba wangu. Alipotoka akaitafuta, nikamwonyesha juu, nikamwambia, "Mwewe amechukua nyonyo. Amekwenda nayo mbali. Sasa tunywe kikombe." Nikajiona mjanja.

Kabula akatazama juu muda mrefu. Hakulia. Ningejua, ningeogopa kutolia kule.

Jioni alikwenda nyumbani, na mimi kwa haraka zangu sikumweleza mama yake. Mama naye, mtoto alipolia, akatoa chupa ya akiba kabatini. Kwa hiyo Kabula akapata hesabu yake kamili: mwewe anachukua nyonyo Igogo, anaipeleka nyumbani Mabatini. Asubuhi akaiacha nyumbani mwewe aibebe, akaja mikono mitupu, akasimama katikati ya uwanja, akainua kipande cha ugali juu, akapaza sauti, "Mwewe! Leta nyonyo!"

Watoto wengine hawakutaka kupitwa. Ndani ya dakika kumi nilikuwa na watoto kumi na sita uwanjani, kila mmoja na ugali wake hewani, wanapiga kelele, "Mwewe, leta nyonyo!" na nusu yao hawajawahi kutumia chupa maishani. Mpishi wetu akatoka jikoni kutazama kuna nini, na sahani ya sato wa kukaanga mkononi. Mwewe akashuka. Sitawaeleza sana. Sahani ilivunjika, sato alikwenda angani, mpishi alikaa chini, watoto walishangilia wakaomba mwewe arudie. Mmoja tu ndiye aliyelia, Kabula. Mwewe alikuja kweli, alimwona kwa macho yake, na hakuleta kitu.

Mama Veneranda wakati huo alikuwa mzee, kazi yake kukaa mlangoni akichambua mchele na kutuona sote. Akaniita.

"Umemfundisha mtoto kwamba vitu vyake vinaibwa. Sasa utaona atakavyovilinda."

Nikamrudishia chupa, nikaona. Tangu siku ile Kabula alilala mchana na chupa kwapani, kijiko mkononi na kiatu kimoja chini ya shavu. Ukimgusa tu anafumbua jicho. Nikawa nimeharibu kuliko nilivyokuta.

Mnaoanza kazi, msimdanganye mtoto ili mumalize kazi upesi. Atawaamini, na hapo ndipo tabu inapoanza.

Wiki ya tatu ikaingia. Mama Kabula aliacha kuuliza "Vipi leo?" Ijumaa iliyotangulia alikuwa amenunua begi dogo jekundu, na nikajua la safari ya wapi. Niliona aibu kumtazama. Nilimwahidi wiki mbili kwa mdomo wangu, na mtoto wake alikuwa anaondoka kwa sababu mimi, Mama Sabuni mwenye sifa, nimeshindwa na chupa ya plastiki. Jumapili kanisani sikusikia neno la mahubiri.

Jumatatu mvua ikanyesha asubuhi kubwa. Mvua ikinyesha dagaa hawaanikiki, na wauzaji wanatawanyika mapema. Mama Kabula akatujia moja kwa moja kutoka mwaloni, amelowa, hajanawa, magamba ya dagaa yanang'aa mpaka kwenye nywele. Kwa kawaida hakuja hivyo. Alijua nilivyo, alipitia bombani kwanza akajisugua ndipo aingie kwangu.

"Hujala, wewe," nikamwambia. Nikampa uji kwenye kikombe cha bati, kilichokuwa karibu. Akakishika kwa viganja vyote viwili ajipashe joto, akanywa nusu, akakiweka kwenye ngazi ili akamue kitenge chake.

Kabula akatoka ndani. Akakiona kikombe pale ngazini. Akaweka chupa chini, yeye mwenyewe, hakuna aliyemwambia. Akakiinua kikombe kwa mikono miwili, akakinusa, akafumba macho, akanywa. Akanywa mpaka chini. Masharubu ya uji yakamfika puani.

Mikono yangu ilikuwa tayari hewani kupiga makofi. Mama Veneranda alinidaka kiganja kutoka kitini pake, akanibana mpaka nikauma meno.

Basi, mnafikiri nikajifunza? Jioni ile nilikichukua kile kikombe cha bati, shujaa wetu, nikakipa heshima zote. Sabuni, maji ya moto, limau, jua. Jumanne nikatia uji uleule, nikachuchumaa palepale. Kabula akakinusa. Akakiweka chini. Nyonyo.

Nilitaka kulia. Mama Veneranda akaomba apewe kile kikombe, akakipeleka puani.

"Kinanuka nini?" akaniuliza.

"Hakinuki kitu, Mama. Nimekiosha."

"Ndiyo shida yenyewe. Niletee na ile chupa."

Akanipa nami ninuse. Jamani, ile chupa ilinuka dagaa. Nilikuwa naichemsha kila siku, lakini kila alfajiri mama yake aliijaza na kuikaza kwa mikono yake kabla ya kumfunga mtoto mgongoni, mikono iliyoshika dagaa tangu awe msichana, na harufu hiyo haitoki kwa bomba moja. Kwa pua yangu ilikuwa uchafu. Kwa Kabula ilikuwa mama yake. Katika kituo kizima hakuna kitu kingine kilichonuka mama yake, na mimi wiki tatu nilikuwa napigana naye nimpokonye hicho, nimpe vikombe vinavyonuka mimi.

Nilikaa kwenye ngazi nikacheka, halafu nikajikuta nalia, na si kwa kucheka tena.

Kesho yake nikamwambia Mama Kabula alete kikombe anachonywea chai mwaloni. Akaona aibu. "Kile kimebonyea, Mama Sabuni, kina kutu mkononi." Nikamwambia ndicho ninachokitaka. Kila asubuhi akawa anakaa ngazini dakika tano, Kabula mapajani, mama anakunywa kwanza, halafu anampa. Akiondoka anatuachia kikombe, kimefungwa kwenye kipande cha kitenge chake cha kazi. Msiende kusema Mama Sabuni kasema vyombo visioshwe! Niliosha, kwa maji ya moto, kila mara. Ila limau nililiacha jikoni, na kitenge kile sikukifua, na kutokifua kulinigharimu usingizi.

Chupa ya saa nne ikaondoka Alhamisi. Ya alasiri ikaondoka Jumamosi. Akaanza kula, maana tumbo sasa lilikuwa na nafasi, ugali na mchuzi wa visamaki vya furu, anaokoteza hadi punje. Ikabaki ya kulalia, ya mchana kwangu na ya usiku kwa mama yake, tukapatana tuiondoe pamoja. Hapo sikumtaja mwewe. Nilimchuchumalia nikamwambia ukweli, "Leo nyonyo ya kulalia ni ya mwisho. Kesho utakunywa kikombe, halafu utalala na mimi." Alilia siku mbili. Nilimbeba kifuani nikizunguka uwanja, na kile kitenge begani. Siku ya tatu alilala kabla sijazunguka mara moja.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi Mama Kabula aliniomba niwepo nyumbani kwake Mabatini, nimsemee. Nilivaa gauni la kanisani. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia yule mama mkwe.

Akafika na kikapu cha michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na kuku mmoja, mwanamke mwembamba aliyenyooka, na nyuma yake msichana wa miaka saba aliyembebea fimbo. Ndiye Minza. Shule zilikuwa zimefungwa, bibi amekuja naye. Tukasalimiana, mwangaluka, mwangaluka, habari za safari. Minza akapiga goti, akamwambia mama yake, "Shikamoo, Mama Kabula." Mama yake akaitikia huku anatazama pembeni.

Bibi, kwa lafudhi yake ya Magu, hakupoteza muda. "Mtoto yuko wapi? Tuna safali ndefu ya kulejea."

"Haendi, mama," Mama Kabula akasema. "Chupa ameacha."

"Chupa ameacha." Bibi akanigeukia mimi na gauni langu. "Na wewe ndiye shahidi?"

"Ndiye mlezi wake, mama. Naomba uone mwenyewe," Mama Kabula akadakia.

Uji ukaletwa. Bibi akapewa kikombe, Minza akapewa chake pale kwenye kigoda cha mlangoni, na Kabula akapewa kile cha bati kilichobonyea. Sote tukamkazia macho. Kabula akatutazama mmoja mmoja. Akakivaa kichwani.

Uji ukamshuka masikioni. Bibi akasema, "Naam." Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Mama Kabula akajaza tena, na hapo nikapata akili. Nikamgeuzia Kabula mgongo nikaanza kumuuliza bibi bei ya mpunga wa Magu. Bibi akanitazama kama mwehu, lakini swali la mpunga hakuliweza kuliacha, akaanza kunijibu. Mama Kabula akanywa funda moja, akampa mwanawe, mwenyewe akatazama dirishani. Tukasikia kunywa. Tukasikia kikombe kinagonga sakafu, kitupu.

Bibi akauacha mpunga. Akamvuta Kabula, akamfunua mdomo akatazama meno, akamshika mkono akatazama kiganja.

"Haya," akasema. "Anayejua kunywa kikombe hana haja ya kwenda Magu. Atabaki na mama yake."

Mama Kabula akaninyakua shingoni. Tukalia, tukacheka, nikampigia makofi yule mtoto, makofi ya wiki nne, na Kabula akageuka akatucheka. Sijawahi kujiona mkubwa kama siku ile.

Mlangoni kwenye kigoda, Minza alikuwa bado hajagusa uji wake. Hakuna aliyekuwa akimtazama. Akakiinua kikombe chake, akanywa moja kwa moja bila kupumzika, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono. Halafu akakipindua juu chini, akakishika hivyo mbele yetu tuone kwamba hakidondoshi hata tone.

"Na mimi najua," akasema. "Na mimi nabaki?"

Makofi yangu yaliishia hewani. Nilikuwa nimekuja pale kupigania mtoto mmoja asiondoke kwa mama yake, na mwingine aliyekwishaondoka alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwangu, na sikuwa nimemsalimia vizuri.

Mama yake alimtazama bibi, na bibi akatazama kile kikombe kilichopinduliwa. Miaka mitano alikuwa amemlea yule mtoto, akalala naye kitanda kimoja, akamfundisha kuteka maji na kupiga goti.

"Unaniuliza mimi?" akamwambia Minza, taratibu kabisa. "Muulize mama yako."

Minza akamgeukia mama yake, lakini Mama Kabula hakungoja kuulizwa. Alishuka kwenye kiti akakaa sakafuni, akamvuta na kikombe chake, akamkumbatia na nguo zote zikalowa uji wa Kabula. "Unabaki," akasema. "Unabaki, mwanangu. Unabaki."

Bibi akainuka, akatafuta fimbo yake. "Nguo zake mtakuja kuzifuata wenyewe," akasema. "Mimi sizibebi. Mgongo unauma."

Jioni nilimsindikiza stendi akapande gari. Alikuwa amekuja na mjukuu mmoja ili arudi na wawili, na sasa alikuwa peke yake. Tulipofika ukingoni mwa barabara akasimama, akaniuliza bila kunitazama:

"Mlezi, uji wa asubuhi sasa nitampikia nani?"

Nikachukua kikapu chake, nikamshika mkono, tukavuka barabara.